Sataranji, Uislamu na Mfalme Aliyewekwa Juu ya Ngao

Kwa majuma kadhaa sasa picha ya nembo moja imekuwa ikipita kutoka simu hadi simu miongoni mwa Waislamu wa Dodoma. Ni rasimu ya vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini, wanaotaka kuanzisha klabu ya kujifunza uongozi kwa misingi ya dini yao. Inaonyesha ngao ya kijani iliyogawanywa kwa miraba ya ubao wa sataranji (chess), kitabu kilichofunguliwa chini ya ngao, mwezi mwandamo ubavuni, na juu ya vyote mfalme wa sataranji akiwa amesimama peke yake. Mabishano yaliyozuka yamezunguka swali moja tu, nalo ni kama mchezo huo ni halali au haramu. Swali hilo lina uzito, na nitalijibu kwa kadiri ya uwezo wangu, lakini naona limewafanya watu wasiitazame nembo yenyewe. Ninachoshikilia katika makala haya ni kwamba ubao wa sataranji una haki ya kukaa katika nembo ya Waislamu, tena haki kubwa kuliko wanavyodhani hata waliouchora. Kisichostahili kukaa pale ni yule mfalme, na sababu za kumkataa zinatoka katika sataranji yenyewe kama ilivyochezwa na Waislamu wa kale, na katika mafundisho ya Uislamu kuhusu uongozi.

Mchezo huu ulianzia India, ambako ulijulikana kwa jina la chaturanga, yaani viungo vinne, kwa kufuata sehemu nne za jeshi la wakati ule: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi waliupokea na kuuita chatrang, na Waarabu walipoingia Uajemi katika karne ya 7 wakauchukua kwa jina la shatranj, ambalo ndilo lililotupa sisi sataranji. Chini ya makhalifa wa Bani Abbas ulifikia hadhi ya elimu. Al-Adli aliandika kitabu juu yake katika karne ya 9, na Abu Bakr as-Suli, mwanazuoni na mwandishi aliyeishi katika jumba la makhalifa wa Baghdad hadi nusu ya kwanza ya karne ya 10, aliacha mafumbo ya ubaoni ambayo wachezaji waliendelea kuyahangaikia karne nyingi baada yake. Mwanahistoria al-Mas'udi, aliyeishi zama hizohizo, amepokea kauli ya mtu aliyeulinganisha mchezo huu na nardi inayochezwa kwa dadu: kwamba aliyebuni sataranji alikuwa mtu wa kuamini hiari ya mwanadamu, na aliyebuni nardi alikuwa mtu wa kuamini kwamba kila kitu kimekwisha kuamuliwa. Watu waliosema hivyo walikuwa wamekwisha kuuona ubao kama alama ya jambo kubwa kuliko burudani, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya vijana wetu kuchora ngao yao.

Kutokana na historia hiyo, hoja mbili dhaifu kabisa katika mabishano haya zinaanguka zenyewe, moja kutoka kila upande. Wapinzani wengine wanasema huu ni mchezo wa Kizungu unaopenyezwa katika vichwa vya watoto wa Kiislamu. Huwezi kusema hivyo kwa Kiswahili bila kupingwa na Kiswahili chenyewe, maana neno sataranji lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Ulaya iliupokea mchezo kutoka kwa Waislamu, na Wahispania mpaka leo kete moja wanaiita alfil, ambayo si kingine ila ndovu wa Kiarabu aliyebaki na jina lake baada ya umbo lake kubadilika. Hata tamko la ushindi linalotamkwa katika mashindano duniani kote linatokana na shah mat, mfalme amekwama. Lakini watetezi nao wanakosea wanapodai kwamba sataranji ni uvumbuzi wa Waislamu na kwa hiyo haihitaji kutetewa. Si kweli, na hakuna haja ya kuipamba dini kwa sifa isiyo yake. Waislamu waliupokea mchezo wa wengine, wakauchuja, wakaukuza na kuuandikia vitabu. Kupokea kwa namna hiyo kuna heshima yake.

Sasa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu. Wanaosema ni haramu hawasemi kwa kubahatisha. Imam Malik na Imam Ahmad walikuwa wakali juu ya sataranji, na wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi nao waliikataza. Imepokewa kuwa Ali bin Abi Talib alipita kwa watu waliokuwa wakiicheza, akawauliza kwa maneno ya Qur'ani ni masanamu gani hayo wanayoyakalia. Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyomo katika Sahih Muslim inamfananisha mchezaji wa nardi na mtu aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe, na wako waliopima sataranji kwa kipimo hicho. Hata hivyo hadithi hiyo inataja nardi, mchezo wa dadu, na hakuna hadithi sahihi inayoitaja sataranji kwa jina, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa mchezo uliwafikia Waislamu baada ya Mtume kufariki. Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na bara ya Tanzania, aliiona kuwa ni jambo lisilopendeza bila kuiharamisha, na wafuasi wake wakaeleza masharti: isiwe na dau, isimpitishie mtu wakati wa sala, isiandamane na matusi na uhasama. Imepokewa pia kuwa Said bin Jubayr, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa kizazi kilichowafuata Masahaba, aliweza kucheza akiwa ameupa ubao mgongo. Mzee aliyenifundisha sataranji nilipokuwa kijana huko Kondoa hakuwahi kuniambia habari za madhehebu. Ila adhana iliposikika alizikusanya kete hata kama alikuwa amebakiza hatua mbili kushinda, na hatukuwahi kuurudia mchezo ulioishia hapo.

Tofauti hizo za wanazuoni ndizo zinazoonekana leo katika maamuzi ya nchi. Iran iliupiga marufuku mchezo hadharani baada ya mapinduzi ya 1979, kisha Ayatollah Khomeini akauruhusu mwaka 1988 kwa sharti la kutokuwa na kamari. Mufti Mkuu wa Saudi Arabia aliripotiwa Januari 2016 akisema kwamba ni haramu, kwa kuwa unapoteza wakati na mali na kuleta uadui. Desemba 2017 mji wa Riyadh ukawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya sataranji ya kasi. Mei 2025 utawala wa Taliban huko Afghanistan ulisimamisha shughuli zote za mchezo huo kwa hofu ya kamari. Habari hii ya mwisho ndiyo inayotumiwa zaidi na wapinzani wa nembo hapa Dodoma, kana kwamba uamuzi wa Kabul umefunga mlango ambao Shafi'i aliuacha wazi. Haujaufunga. Umeegemea illa, yaani sababu ya hukumu, ileile ya kamari ambayo wanazuoni wetu waliitaja tangu zamani, na illa hiyo haimo katika klabu ya vijana wanaokutana bila dau lolote. Naongeza neno moja hapa kwa uchungu: katika mitaa ya Majengo, Chang'ombe na Makole kuna vijana wanaokesha wakibeti mechi za mpira kwa fedha ya chakula cha siku inayofuata, na aya ya 90 ya Sura ya tano, inayoitaja kamari pamoja na ulevi na kuabudu masanamu, inawahusu moja kwa moja. Nasikia sauti nyingi dhidi ya ubao wa sataranji na chache mno dhidi ya mikeka hiyo ya kubeti.

Wako wanaopinga kwa sababu ya picha: kwamba kete ni sanamu, na sanamu haifai kuwekwa karibu na mwezi mwandamo na kitabu. Hoja hii naiheshimu, na jibu lake linaonekana katika mikono ya mafundi Waislamu wenyewe. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York kuna seti ya kete kutoka Nishapur, Iran, ya karne ya 12. Hakuna uso ndani yake, wala farasi mwenye shingo, wala mtu mwenye taji. Mfalme ni umbo la kiti, ndovu ni gogo fupi lenye vinundu viwili vya pembe, askari ni kikuba kidogo chenye kinundu juu, na bado mchezaji anajua kila kete ni nani. Vijana wetu hawakuchota huko. Walichukua umbo la kete zinazotumika katika mashindano ya kimataifa, ambazo ubunifu wake uliandikishwa Uingereza mwaka 1849, na katika seti hiyo mfalme huvaa msalaba kichwani. Matokeo yake ni kwamba nembo ya Waislamu imebeba msalaba juu ya ngao, na katika mabishano yote niliyoyasoma hakuna aliyeuona. Sisemi hivyo kwa kuudharau msalaba, ambao una heshima yake kwa majirani zetu wanaouamini. Nasema kwamba mchoraji aliyechukua alama bila kuiuliza ilikotoka ameiacha iseme jambo asilolikusudia.

Hilo linanifikisha kwa watetezi wanaosema nembo ni pambo tu, na kwamba watu wazima hawapaswi kugombana juu ya mchoro. Nchi yetu haijawahi kuamini hivyo. Nembo ya Taifa inayotundikwa katika kila ofisi ya Mji wa Serikali kule Mtumba imepangwa kwa makini: ngao yenye Mwenge wa Uhuru, bendera, jembe, shoka na mkuki, ikisimama juu ya mlima Kilimanjaro, na walioshika ngao hiyo ni mwanamume na mwanamke wa kawaida wenye karafuu na pamba miguuni pao. Hakuna mtawala popote katika nembo hiyo, wala taji, wala kiti cha enzi. Waliokubali mpangilio huo walikuwa wanasema kwamba dola inabebwa na watu wa kazi. Mtu akiikumbuka nembo hiyo kisha akaitazama rasimu ya vijana wetu, ataona mara moja kwamba ile ya vijana inasema kinyume chake: ubao, kitabu na mwezi vyote viko chini, na juu yake yuko mmoja asiye na mwenzake.

Na hapa sataranji ya kale ina ushahidi ambao hata mimi ulinishangaza nilipoutafakari. Katika kanuni walizozifuata akina as-Suli, mfalme hakushindwa kwa kukwama peke yake. Alishindwa pia kwa kubaki pekee. Kete zake zote zikishaliwa, hata kama hakuna anayemtisha mahali aliposimama, mchezo umekwisha na yeye ndiye aliyepoteza, isipokuwa kama kwa hatua yake inayofuata anaweza kumvua mpinzani wake vilevile. Kanuni hiyo haimo katika mchezo wa leo, ambamo mfalme mpweke anaweza kuendelea kukimbia na hata kuambulia sare. Kwa hiyo mchezaji wa Baghdad wa karne ya 10 akionyeshwa nembo hii, mfalme mmoja na ubao mtupu chini yake, hataona uongozi hata kidogo. Ataona mtu aliyeshindwa.

Kete aliyekaa ubavuni mwa mfalme katika sataranji hiyo hakuwa malkia. Alikuwa firzan, mshauri, yaani waziri. Ulaya ndiyo iliyomgeuza kuwa malkia, na kuelekea mwisho wa karne ya 15 ikampa uwezo wa kuvuka ubao mzima kwa hatua moja, akawa mwenye nguvu kuliko wote. Firzan wa Waislamu alikuwa dhaifu: alikwenda mraba mmoja mmoja kwa mshazari, na kazi yake kubwa ilikuwa kumlinda mfalme kwa karibu. Na askari wa miguu, kitunda aliyefanikiwa kuuvuka ubao wote mpaka mstari wa mwisho, leo huweza kugeuzwa kuwa malkia, ngome au kete nyingine kubwa. Zamani aliweza kuwa kitu kimoja tu, naye ni firzan. Fikiria maana yake kwa klabu ya uongozi. Mtu wa chini kabisa, aliyetembea hatua moja moja bila ruhusa ya kurudi nyuma, akifika mwisho wa safari yake hapewi enzi. Anapewa nafasi ya kutoa ushauri.

Hicho ndicho Uislamu unachokiita shura. Qur'ani inamwamuru Mtume ashauriane na wafuasi wake katika Sura ya tatu, aya ya 159, na aya hiyo iko katika maelezo ya vita vya Uhud, ambavyo ushauri wa wengi ulikuwa umewatoa Waislamu nje ya mji na matokeo yakawa machungu. Ushauri uliambatana na msiba na bado amri ya kushauriana ikathibitishwa. Sijui hoja yenye nguvu zaidi ya hiyo dhidi ya kiongozi anayesema atasikiliza watu pale tu wanapokuwa sahihi. Kabla ya hapo, katika vita vya Badr, al-Hubab bin al-Mundhir alimuuliza Mtume kama kambi imewekwa pale kwa wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, au kwa maoni, na alipoambiwa ni maoni akashauri wasogee kwenye visima, na ushauri wake ukakubaliwa. Mwaka 627, Madina ilipozingirwa, wazo la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman al-Farisi, mgeni kutoka Uajemi, na Mtume mwenyewe alibeba udongo pamoja na wachimbaji. Abu Bakr alipopewa ukhalifa aliwaambia watu kwamba ametawalishwa juu yao naye si mbora wao, wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea. Hakuna hata mmoja katika hao anayeweza kuwakilishwa na kete iliyosimama peke yake juu ya wengine.

Haki inanitaka niseme pia mahali ambapo sataranji hailingani na Uislamu, kwa namna yoyote utakayoichora. Katika mchezo huu askari hutolewa kafara kwa hesabu ili mfalme apone, na mchezaji hodari husifiwa kwa hilo. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema kila mmoja wetu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na mchunga huulizwa juu ya mnyama mmoja aliyepotea, jambo ambalo mfugaji yeyote wa Bahi au Chamwino analielewa bila kufafanuliwa. Ndiyo maana wako waliopendekeza vijana waache sataranji, wachukue bao letu. Pendekezo hilo limenigusa. Sataranji ina miraba 64 na kete 32. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kana kwamba michezo hii miwili imegawana hesabu moja. Baoni hakuna mfalme wala askari, kete zote ni sawa, na kete inayoliwa haitupwi nje bali hupandwa upande wa pili na kuendelea kucheza. Kwa alama ya usawa wa watu sijui picha bora zaidi, na klabu ikilichagua bao nitaiunga mkono. Lakini bao halina mshauri, halina safari ya mdogo kuelekea mahali pa dhamana, na halina onyo la kiongozi aliyebaki bila watu. Kwa somo la uongozi hayo matatu ni mengi, na ningesikitika kuyapoteza kwa ajili ya kosa linaloweza kurekebishwa kwa kalamu.

Juu ya hofu ya wale wanaosema nembo ya dini na uongozi haifai katika makao makuu ya nchi isiyokuwa na dini, sitakawia. Katiba inasema dola haina dini, na katika ibara ya 19 inalinda uhuru wa raia kuwa nayo. Vyama vya vijana wa makanisa hapa mjini hubeba msalaba katika nembo zao na hakuna aliyeona dola imetikisika. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama klabu ingekuwa inagombea madaraka kwa jina la dini, na kinga dhidi ya jambo hilo ni mfalme kuondoka juu ya ngao.

Ninachowashauri vijana, basi, si kuacha nembo yao. Wamwondoe mfalme na msalaba wake, waache mifano ya kete za 1849, waangalie maumbo ya Nishapur yasiyo na nyuso. Wamweke askari mdogo kwenye mstari wa mwisho wa ubao, mahali anapogeuka kuwa firzan, na kitabu kikae pale kinapoonekana kuwa ndicho anachokiendea. Ndovu akipata nafasi sitalalamika, kwa kuwa sisi tunaosimuliwa kwamba jina la mji wetu limetokana na ndovu aliyezama matopeni tunaweza kumpokea ndovu ambaye Ulaya ilimgeuza kuwa askofu. Lakini wakishamaliza kuchora, wafungue rasimu ya katiba ya klabu, maana nembo mpya juu ya kanuni za zamani itakuwa ni mapambo kweli. Niliyoiona inampa mwenyekiti mamlaka ya kuwateua na kuwaondoa wajumbe wa kamati ya ushauri kwa hiari yake, bila kutoa sababu. Kifungu hicho kimeandikwa na mkono uleule uliomsimamisha mfalme juu ya ngao, na bado kuna muda wa kukibadilisha kabla ya mkutano wa kwanza wa wanachama.